Kipepeo Hamtangazi Mwenye Nyumba

Wiki iliyopita nilirudi Othaya kuifungua nyumba ya cucu, nyanya yangu, ambayo ilikuwa imefungwa tangu tulipomzika. Nyumba ya mbao ikifungwa hata kwa muda mfupi huanza kunuka unyevu, moshi wa zamani na mablanketi. Nilifungua dirisha la sebuleni, nikawasha jiko, nikateleka chai ya mtu mmoja. Kabla maji hayajachemka, kipepeo akaingia dirishani, akazungukazunguka chini ya dari, akatua kwenye pazia. Nami bila hata kufikiri nikachota kikombe kingine cha maji nikakimimina kwenye sufuria.

Nilijicheka. Mimi ni mtu mzima, nina kazi mjini Nyeri, nina binti anayenisahihisha Kiingereza mbele za watu, na si mwepesi wa kuamini ninayoambiwa. Lakini mkono ulikuwa umeshatenda. Kwetu kipepeo akiingia ndani hafukuzwi. Ametumwa na mgeni aliye njiani atangulie, na kazi ya aliye nyumbani ni kuongeza maji ya chai na kuangalia kama sukari ipo. Hiyo ilikuwa sheria ya cucu, mama yake baba, ambaye nina jina lake, Wangui, kwa kuwa binti wa kwanza huitwa jina la nyanya wa upande wa baba. Lakini aliyeichukua sheria hiyo akaifanya mchezo, na mchezo akaufanya elimu, alikuwa mama.

Ninyi mliokulia huku mlimani mnaijua Januari yetu. Mvua fupi imekwisha, matope ya njiani yamekuwa vumbi jekundu, sweta za shule zimefungwa viunoni, na asubuhi mlima unaonekana wote, mweupe kichwani, kabla mawingu hayajaufunika. Kila kitu kilichonyeshewa kinachanua kwa pamoja. Kati ya mlango wetu na majani chai mama alikuwa na kipande cha maua, maua ya kila rangi aliyoyaomba kijiti kwa huyu na kijiti kwa yule, na pembeni mlimau na mtambaa wa matunda ya pasheni uliojishikilia kwenye ua. Majirani walimcheka. Shamba ni la kula, walisema, na maua hayaliwi. Mama alikuwa akiwajibu kwamba wao waendelee kula.

Akitoka kuchuma majani chai, anaweka kikapu chini, anavua viatu vya mpira, anakaa kwenye kigoda karibu na maua. Mimi nakaa mchangani. Kisha tunaanza.

"Wangui, huyu ni nani?"

"Inspekta!"

"Umejuaje?"

"Hakai."

"Eee. Ukiona Inspekta amekaa, jua ni mgonjwa."

Inspekta alikuwa yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya krimu, anayenyonya ua huku mabawa yakitetemeka, kisha anakimbilia lingine. Mama alimpa jina hilo kwa sababu ya bwana mmoja aliyekuwa akikagua majani chai kituoni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikalia kiti. Wale wadogo wa manjano wanaoruka chini kwa chini walikuwa Tata wa Chaka, dada yake baba, mwenye sweta ya manjano na haraka isiyoisha. Tata akija kututembelea chai inamiminwa, haijapoa keshaondoka. Weupe wenye mishipa myeusi walikuwa Mama Kanisa, kwa ajili ya vitambaa vyeupe vya kichwani, na kama wenyewe hawakuja mmojammoja. Na yule wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi, aendaye polepole, alikuwa Mzee wa Nanyuki. Huyo mzee alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyekuja kila baada ya muda kununua ndama. Ndevu zake alizipaka hina, na alitembea kijijini pasipo kumwogopa mbwa hata mmoja.

Hata kipepeo wake hakuogopa. Siku moja kuku alimdaka mbele yetu, akamtema pale pale, akawa anapangusa mdomo kwenye nyasi. Mama alicheka hadi akashika tumbo, tumbo ambalo wakati huo lilikuwa limeshaanza kuonekana.

"Na huyu?" akaniuliza kesho yake.

"Mzee wa Nanyuki."

"Haiya! Angalia mzuri. Bawa ya nyuma iko na madoti ngapi?"

"Moja."

"Basi huyo ni mkora. Mzee wa kweli ako na madoti kadhaa hapa katikati. Huyu amevaa tu koti ya mzee ndio ndege wamuogope. Usiangalie koti, Wangui. Angalia kile kitu kidogo hawezi kukopa."

Siku hizi unampiga kipepeo picha na simu inakupa jina lake la Kilatini. Nimejaribu. Inspekta ana jina refu na hata mkora ana lake. Sijayahifadhi kichwani, na sina mpango huo.

Sasa niwaambie kuhusu mlango, maana bila mlango habari hii haiendi popote. Baba aliutengeneza mwenyewe kwa mbao mbichi. Mvua ya kwanza ikaukuta, ukavimba, ukajipinda, na tangu siku hiyo ukawa na tabia zake. Kuufungua kutoka nje, unashika komeo, unauinua kidogo, kisha unausukuma kwa kiuno pale chini. Ukisukuma kabla ya kuinua, unakwama. Sisi wa nyumbani tuliufungua bila kufikiri. Mama aliufungua akiwa na ndoo ya maji kwa mkono mmoja na mimi nikining'inia kwenye mwingine. Wageni walisimama nje wakabisha hodi hata wakiambiwa waingie tu, kwa sababu hawakuweza. Baba alisema kila Jumapili kwamba ataupiga randa. Mama alimwambia auache, angalau unatuambia nani ni nani.

Tumbo lilipokuwa kubwa, mama aliniambia humo ndani mna mgeni. Nikauliza anatangazwa na kipepeo gani. Alifikiri sana kabla hajanijibu, maana mchezo huu hakuufanya kwa mzaha.

"Huyo hatujamjua bado," akasema. "Tukimwona, tutampatia jina."

Kwa hiyo tulimtafuta. Kulikuwa na mmoja mweusi mwenye mkanda wa kijani kibichi, aliyepita juu juu kwa kasi na hakushuka kamwe kwenye maua yetu. Mama alisema labda ni huyo. Nilimfuata kwa macho hadi shingo ikaniuma.

Asubuhi moja mama aliamka miguu imevimba na kichwa kikimgonga, akasema anaona vitu vinang'aa mbele ya macho. Mimi nilidhani ameona vipepeo, nikamuuliza ni wa rangi gani. Baba alikuwa ameshakwenda kuomba pikapu ya jirani. Kabla ya kutoka, mama alivua sweta yake ya kijani, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akajifunga shuka.

"Hii nitavaa nikirudi," aliniambia. "Angalia maua. Na mgeni akitangazwa, ongeza maji."

Akainua komeo, akausukuma mlango. Nikaisikia pikapu ikipanda mwinuko kwa gia ya kwanza.

Cucu alikuja kulala kwetu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi, na alimenya viazi kama aliyekosana navyo. Baba alikuwa akienda hospitali asubuhi na kurudi jioni, na akirudi alikuwa anaongea na cucu nje, karibu na zizi, kwa sauti ya chini. Nilisikia neno damu. Nilisikia neno mtoto, na neno msichana. Mimi niliambiwa mama anapumzika.

Nikakaa kwenye kigoda chake nikangoja. Akaja Inspekta. Akaja Tata wa Chaka, makundi kwa makundi. Akaja Mama Kanisa. Wote niliwatazama vizuri, bawa la mbele na bawa la nyuma, nikitafuta ambaye angekuwa wa mama. Mwishowe nikamwendea cucu.

"Cucu, ile ya mama ni rangi gani?"

"Ile nini?"

"Kipepeo. Ya kusema mama anakuja."

Cucu aliweka kisu chini. Nadhani leo kwamba alikuwa akitafuta la kunituliza, na akapata lililokuwa karibu.

"Mama yako ni mgeni? Kipepeo ni ya wageni, Wangui. Mwenye nyumba hatangazwi. Yeye anakuja tu anafungua mlango."

Kwa mtu mzima hayo ni maneno ya kumnyamazisha mtoto. Kwangu yalikuwa maelezo kamili, na niliyafuata hadi mwisho wake, kama watoto wanavyofanya. Ikiwa kipepeo huleta wageni tu, basi kipepeo akiingia nyumbani siku mama anaporudi, mama atakuwa amerudi kama mgeni. Atasimama nje abishe hodi. Atapewa chai kwa kile kikombe cha maua kilichofungiwa kabatini. Na mgeni, hata akipendwa vipi, jioni husindikizwa. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa wazi. Kipepeo yeyote asiingie.

Nikaanza kulinda nyumba. Nilifunga dirisha, nikasokota gunia kuukuu nikaliziba chini ya mlango. Kwenye baraza nilisimama na ufagio wa matawi nikiwarudisha Tata wa Chaka kwenye maua, polepole nisije nikamvunja mtu bawa. Cucu aliniona akadhani nacheza. Jirani alipita, akasema ati mtoto huyu tangu mamake aende amekuwa wa ajabu. Nilimsikia, na sikujali, kwa kuwa mimi nilijua nilichokuwa nakifanya na yeye hakujua.

Kisha ikaja siku ya weupe. Wengine wenu mmeshawahi kuiona, maana huja miaka fulani na miaka mingine isije. Nilitoka asubuhi nikakuta wanapita. Mama Kanisa, lakini si wale wetu wa maua. Walikuwa wengi kuliko nilivyojua kuhesabu, wanatoka upande wa mlima wanaelekea Nyandarua, wote kwa njia moja, wanapita juu ya majani chai, juu ya bati, katikati ya nguo zilizoanikwa. Hawakutua popote. Ukisimama walikupita huku na huku, wakakutana tena mbele. Watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele barabarani wakiwarushia sweta. Wachumaji walisimama shambani na vikapu mgongoni. Mmoja akasema mvua itakuwa kubwa, mwingine akasema ni nzige wanafuata. Cucu alitoka jikoni na kisu mkononi, akatazama juu, akasema kwa Gikuyu, "Wageni gani hawa wote?" kisha akaufunga mdomo wake kwa kiganja.

Nilikimbia ndani. Nilifunga kila kitu. Nilibana gunia chini ya mlango kwa visigino, nikaegemeza kigoda cha mama kwenye komeo, nikaziba kwa magazeti ule upenyo wa dirishani. Nyumba ikawa na giza mchana. Katika nyufa za mbao mwanga ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, kwa jinsi walivyokuwa wakipita. Cucu aliniita nile, nikakataa. Nilikaa mgongo ukiwa mlangoni, chini ya sweta ya kijani, iliyonuka moshi na majani chai mabichi, na nikawashinda. Walipita siku nzima na hakuingia hata mmoja. Sijawahi tena maishani kuwa na uhakika wa kitu kama niliokuwa nao jioni ile. Mama alikuwa anakuja, na alikuwa anakuja kama mwenye nyumba.

Jua likiwa linaelekea kuzama nikasikia nyayo barazani. Nikaondoa kigoda haraka, nikavuta gunia, nikarudi nyuma katikati ya nyumba kuupa mlango nafasi. Mlango haukuinuka. Mtu akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Mami. Fungua."

Alikuwa baba. Aliniita Mami kwa sababu nilikuwa na jina la mama yake. Baba hakuwahi kubisha mlango ule aliouchonga mwenyewe. Nilimfungulia. Alikuwa peke yake, na mkononi alikuwa na mkoba wa mama.

"Mama ako wapi?"

Alikaa kwenye kile kigoda cha mama, ambacho kilikuwa kidogo mno kwake.

"Ametuacha, Mami," akasema. "Imebaki ni sisi."

Nilimsikia. Maneno niliyajua yote. Lakini niliona wazi kuwa baba amekosea, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa.

Kesho yake asubuhi, baridi ikiwa bado, niliona kwa dirisha watu wawili wakishuka njia ya shamba. Mmoja alikuwa cucu wa Kutus, mama yake mama, akitembea taratibu na fimbo. Wa pili alikuwa mama. Paji lake la uso, mabega yake, ule mwendo wake wa kutupa mguu wa kulia kidogo nje. Sikupiga kelele wala sikukimbia kumlaki. Nilisimama katikati ya nyumba, mikono nyuma, nikausubiri mlango.

"Hodi," ikasema sauti ya mama.

Nikangoja.

"Hodi hapa? Si mtufungulie?"

Mlango ulisukumwa bila kuinuliwa, ukakwama. Alikuwa mdogo wake mama, ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu nikiwa mchanga. Alikuwa na koti lote la mama. Kile kitu kidogo hakuweza kukikopa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama amekufa. Baba aliponiambia sikujua. Nilijua mlango ulipokwama. Nililia hadi nikatapika, na yule mama mdogo wa watu, masikini, alinibeba akidhani nimefurahi kumwona.

Siku zilizofuata wageni walijaa. Wanawake walikuja na kuni na maji, sufuria kubwa zikaletwa, vijana wakasimamisha hema, na kila jioni kabla ya giza walisali na kunywa chai. Walikuwa ni watu wema. Lakini hema lilihitaji uwanja, na uwanja uliokuwepo ni ule wa mbele ya nyumba. Vigingi vilipigwa katikati ya maua. Kilichobaki kilikanyagwa. Vipepeo walikuja siku ya kwanza, wakazunguka juu ya turubai, wakaenda zao.

"Cucu," nilimuuliza, "hawa wote wametangazwa na nani? Mimi sikuacha hata mmoja aingie."

Ndipo cucu alipoelewa gunia, na magazeti, na ufagio. Alinivuta akanibana kwenye magoti yake. Alinuka viazi.

Siku ya mazishi walimleta mama kwa gari lenye maua ya plastiki. Wanaume walimshusha, nami nikakimbia kuwafungulia mlango. Niliuinua, nikausukuma, nikausimamia ukiwa wazi kabisa. Hawakuja huku. Walimweka nje, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, pale vilipokuwa vigingi. Nikamwendea baba.

"Baba, mlango iko wazi."

"Tumuache hapo nje, Mami."

"Kwa nini?"

"Ndio desturi. Hawezi kuingia."

Mgeni wa kawaida kabisa, hata yule bwana wa majani chai asiyekaa, aliingizwa ndani akapewa chai. Mwenye nyumba aliachwa uani watu wakipita foleni kumtazama, kisha akapelekwa chini ya mlimau. Mlango ulibaki wazi siku nzima. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimezika wengine, nimeelezwa sababu ya desturi hiyo na nimeielewa. Hasira yenyewe haijaniisha.

Mtoto aliletwa baadaye, amefungwa blanketi ya hospitali. Mdogo, mwekundu, mwenye sauti kubwa. Cucu alimlea kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na mimi nilipewa kazi ya kumfukuzia nzi. Aliitwa Wanjira, kwa kuwa binti wa pili ni wa nyanya wa upande wa mama. Nilianza kumzoea. Nilikuwa nimeanza hata kumwonyesha Inspekta, aliyekuwa amerudi kwenye mlimau kutaga mayai, asiyejua lolote kuhusu yaliyotupata.

Kisha cucu wa Kutus akaja tena. Vikombe vya maua vikatolewa kabatini. Cucu wangu alikaa upande mmoja, yeye upande mwingine, baba katikati akitazama sakafu. Mimi nilikuwa mlangoni. Waliongea habari za mvua, mpunga wa Mwea, bei ya majani chai, wakazunguka hadi chai ikapoa. Ndipo cucu wa Kutus akaweka kikombe chini.

"Binti yangu niliwapa akiwa mzima," alisema. "Sasa huyu mtoto ni mimi. Ako na jina yangu. Siwezi kujiacha hapa."

"Mtoto ni wa nyumba hii," cucu wangu akasema.

"Wewe uko na wako," akajibiwa, na kidole kikanionyesha mimi. "Ule ni wewe. Baki na wewe. Mimi nitaenda na mimi."

Wote wawili wakamgeukia baba. Baba hakuwa amewahi kumbeba yule mtoto. Nilikuwa nimeona jinsi anavyopita mbali na kikapu alimolazwa.

"Sawa," akasema. "Aende."

Niliisikiliza hesabu hiyo nikaikubali, kwa kuwa ilikuwa na mantiki. Kila cucu alijichukua mwenyewe. Mama hakuwa na wa kumchukua. Walisindikizwa hadi barabarani kama wageni wanavyosindikizwa, na mtoto akaondoka akiwa mgongoni mwa yule mama mdogo mwenye mwendo wa mama. Cucu aliosha vikombe, akavirudisha kabatini.

Cucu hakurudi tena kwake, nyumba yetu ikawa yake, na pale kwenye maua akapanda nyasi za ng'ombe. Ilikuwa busara, ng'ombe alihitaji kula. Baba hakuoa tena wala hakuupiga mlango randa, na naye aliaga dunia kabla sijamaliza shule. Wanjira alikuja kila Desemba, na mkate, na sukari, kama mtu anayekwenda kuwaona watu. Alibisha hodi, nikamfungulia. Alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, akanywa chai kwa kikombe cha maua, akatazama saa. Tuliongea vizuri. Tuliongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Tulipomzika cucu, nilimtafuta kwa macho chini ya hema la familia nikamkosa. Alikuwa ameketi kule kwenye hema la wageni, safu ya nyuma, na wajukuu walipoitwa kuweka maua hakuinuka, kwa sababu aliyesoma majina hakuwa na jina lake. Nami niliyekuwa mbele nilikuwa nimeshapita na maua yangu kabla sijagundua. Nilimwambia baada ya mazishi kwamba nitakuja kupanga vitu vya cucu, aje anisaidie akipata nafasi. Akasema ataona.

Basi ndivyo ilivyokuwa wiki iliyopita. Maji yalikuwa yamechemka. Kipepeo alikuwa bado kwenye pazia, mabawa yakifunguka na kufungika. Nilimsogelea. Rangi ya machungwa, ncha nyeusi. Nikainama kutazama bawa la nyuma, na yalikuwepo madoti, kadhaa, pale katikati. Mzee wa Nanyuki wa kweli. Zile ndevu za hina zilikwisha kuzikwa zamani.

Nikasikia nyayo barazani. Nikachungulia dirishani. Wanjira sasa ana umri aliokuwa nao mama. Paji lile, mabega yale, mguu wa kulia ukitupwa kidogo nje. Mkononi alikuwa na mfuko wenye mkate na sukari. Alisimama mbele ya mlango, akarekebisha kitambaa cha kichwani.

"Hodi?"

Nilimfunika kipepeo kwa viganja viwili. Alipapatika, nikausikia unga wake vidoleni. Nilimtoa nje kwa dirisha, nikalifunga dirisha. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa.

"Hodi, Wangui? Uko?"

"Niko. Ingia."

"Nifungulie basi. Hii mlango yenu imeshika."

"Haijashika. Inua kidogo hapo kwa komeo, halafu sukuma na kiuno. Huko chini."

Mlango ukasukumwa, ukakwama. Nikasikia mfuko ukiwekwa chini. Ukasukumwa tena, ukakwama tena, na sauti yake ikapungua kidogo.

"Wangui, haiwezi. Kuja unifungulie."

"Inua kwanza," nikasema. "Hii mlango ni yako pia."

Sikuinuka.